Aliyetuachia Tuchague

Mwalimu wetu hakuwahi kuanza somo. Alikuwa akifika asubuhi na baiskeli yake, anaiegemeza kwenye ukuta wa mawe, anafuta tandiko kwa kitambaa alichokitunza mfukoni kwa kazi hiyo peke yake, kisha anakaa juu ya gogo na kungoja. Alingoja mtoto mmoja aulize kitu. Siku nyingine tuliuliza mapema. Siku nyingine jua lilifika utosini hakuna aliyefungua mdomo, na yeye yuko pale pale, hana wasiwasi wowote, anachonga kijiti. Wapita njia wasiomjua walimwonea huruma. Walidhani ni mtu aliyeachwa na lori.

Siku hizi nawasikia watu wakimsifu. Msibani, kanisani, kwenye harusi za wajukuu zetu, akitajwa tu vichwa vinatikiswa: ah, yule ndiye alikuwa mwalimu, hakumgusa mtoto wa mtu. Wengi wanaosema hivyo hawakusoma kwake. Walisoma shule ya bati, wakachapwa mpaka wakajua, na sasa wanakula pensheni zao huku wakisifia uhuru ambao hawakuuonja. Mimi nilikaa kwake miaka minne, katika ile miaka ya hamsini kabla ya Uhuru, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Nilimpenda. Pia nilimkasirikia, na hasira hiyo haijaisha yote.

Upande wetu wa Tarime shule zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na paa la mabati, madawati, kipande cha reli kilichogongwa kama kengele, na mwalimu mkuu ambaye fimbo yake ilikuwa na msumari wake ukutani, pembeni ya saa. Ya pili ilikuwa yake. Ilikuwa boma la ng'ombe la zamani ambalo wenyewe walikwisha kuhama, ukuta wa mawe umebaki na samadi imekauka na kuwa vumbi laini. Watu waliita ile shule ya bati, na hii yetu shule ya vumbi. Kaka yangu Marwa alipelekwa shule ya bati. Mimi nilipelekwa ya vumbi kwa sababu ilikuwa njia ya mtoni, ningeweza kurudi na maji. Ndiyo elimu yangu ilivyoanza, na sioni haja ya kuipamba.

Kijiti alichokichonga kilikuwa kalamu yetu. Ukiuliza jambo la herufi, anakukabidhi kijiti, unaandika vumbini, unafuta kwa kiganja, unaandika tena. Alikichonga kwa mkono wa kushoto, lakini akiandika mwenyewe aliandika kwa wa kulia, na kidole kidogo cha ule mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, hakinyooki. Hakutuambia kwa nini. Robi, binti yake, ndiye aliyeniambia: alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wake alimpiga kwa ukingo wa rula kila alipoandika kwa mkono wa shetani, mpaka mkono wa kulia ukajifunza na wa kushoto ukaharibika. Ukijua hilo unamwelewa nusu. Nusu nyingine inahitaji maelezo marefu.

Fikra zake hazikutoka kwenye kitabu. Alizipata machungani. Baba yangu alimwendea siku moja kwa ukali, nami nikiwa nyuma ya baba na mtungi wangu.

"Mwalimu, mtoto huyu mwaka wa pili sasa. Marwa anajua kusoma kitabu chote bila kukiangalia. Huyu wangu kila siku anarudi na udongo kwenye nguo. Unamfundisha nini?"

"Karibu kwanza, tata," mwalimu akasema, ndivyo kwetu tunavyomwita baba kwa heshima. "Wewe ng'ombe ulijifunza kwa nani?"

"Kwa nani tena? Nilikulia humo."

"Nani alikuchapa ukajua ng'ombe?"

Baba akafikiri. Alikuwa mtu wa haki hata akiwa na hasira. Kwetu mtoto wa miaka minne anafuata wana-mbuzi bila kuambiwa, baadaye ndama, baadaye kundi, na siku moja watu wazima wanagundua kwamba anajua majani yote, maradhi yote na njia zote, wala hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. "Hakuna aliyenichapa kwa kujua," baba akasema mwishowe. "Nilichapwa ndama walipoingia kwenye mtama."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Baba naye akacheka, nikabaki shule ya vumbi. Lakini nimelirudia jibu lile la baba mara nyingi tangu hapo, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kitu ambacho mwalimu alikicheka badala ya kukisikia.

Kulikuwa na mambo aliyoyapenda kupita kiasi. La kwanza ni ile baiskeli. Mtu aliyeruhusu watoto kugusa kila kitu, hata kuingiza mikono mifukoni mwake kutafuta karanga, alikuwa haruhusu hata kivuli cha mtoto kuangukia baiskeli. La pili ni neno "wewe unaonaje?" Ukimuuliza mvua inatoka wapi, anakujibu, "Wewe unaonaje?" Ukimuuliza kama saa ya kurudi nyumbani imefika, wewe unaonaje. Mkewe alichoka nalo. Siku moja alirudi na njaa akauliza ugali uko tayari, mama yule akamjibu, "Wewe unaonaje?" akaendelea kupalilia. Robi alitusimulia, na mwalimu mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka.

Mchezo wake mkubwa ulikuwa ng'ombe wa udongo. Tulichota udongo mtoni, kila mtoto akafinyanga kundi lake, mwenye pembe za kupinda, mwenye nundu ndogo, yule mkorofi, yule mwenye mimba. Kisha tunafumba macho, mwalimu anaondoa mmoja, na tunapofumbua tunataja aliyekosekana. Robi hakuwahi kushindwa. Hata wangu aliwajua kuliko nilivyowajua mimi. "Yule wa pembe moja, Bhoke, aliyesimama nyuma ya mama yake," alisema kabla mimi sijamaliza kuangaza macho.

Hatukuwahesabu ng'ombe wale. Tulihesabu mbegu, tulihesabu mawe ya ukuta, tulijumlisha na kugawanya kwa punje za mtama mpaka hesabu za darasa la nne zikawa mchezo. Lakini kwetu ng'ombe hawatajwi kwa idadi, wala watoto. Mtu anawajua ng'ombe wake kwa sura na rangi, na jioni akisimama mlangoni anajua asiyekuwepo. Ukiwataja kwa namba umekaribisha wapungue. Mwalimu alikuwa Mkristo wa Jumapili zote na sidhani kama aliamini hivyo, ila alisema, "Kinachokatazwa nyumbani kwenu mimi sikilazimishi hapa. Siku ukitaka kukiacha, utakiacha mwenyewe." Nililipenda neno hilo. Nilidhani ni neno la upole mtupu.

Sasa nimseme Mwita, kwa sababu wanaomsifu mwalimu hawamtaji Mwita. Mwita alipenda udongo. Alifinyanga ng'ombe ambao ungetaka kuwapigia mluzi. Miaka mitatu alikaa shule ya vumbi akifinyanga, hakuuliza herufi hata moja, na kwa kuwa hakuuliza, hakufundishwa. Sisi tulipomcheka mwalimu alituzuia. "Bado," alisema. Mama yake Mwita alipokuja kuuliza aliambiwa vile vile: bado, mama, atauliza. Hakuuliza. Akakua, akatahiriwa pamoja na wenzake, akaenda kutafuta kazi Musoma, na barua alizoandikiwa kutoka nyumbani alisomewa na watu baki, mpaka mambo ya siri ya mkewe yakajulikana kambi nzima. Kwenye karatasi ya kazi aliweka kidole gumba. Mimi nasema Mwita hakuchagua kidole gumba. Alichagua udongo akiwa na miaka minane, na mtu mzima aliyejua udongo unakokwenda na herufi zinakokwenda alikaa kwenye gogo akingoja.

Marwa naye nisimwonee. Alirudi na alama za fimbo kwenye mashavu ya miguu, akakariri mito ya nchi ambazo hatazifika kamwe, na ukimuuliza mto maana yake nini kwa watu wa huko, anakuangalia kama umemtukana. Usingizini alikariri. Lakini aliajiriwa karani Tarime mjini akiwa bado kijana, na nguo zangu za miaka ya mwisho ya bweni ni yeye aliyeninunulia. Kwa hiyo ukiniuliza shule ipi ilikuwa bora nitakujibu kama mwalimu wangu: wewe unaonaje?

Kwa msichana jambo lilikuwa wazi kuliko hayo yote. Kwa shule zote za upande wetu kulikuwa na nafasi moja, moja tu, katika shule ya kati ya wasichana yenye bweni. Ukifaulu mtihani wa la nne kuliko wenzako, unakwenda. Ukikosa, unaolewa. Baba yangu hakunificha. "Bhoke, ukiipata hiyo nafasi mimi sina neno, nenda. Ukiikosa, Marwa atahitaji kuoa, na ng'ombe wa kuolea watatoka kwako." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo nyumba zilivyojengwa, ng'ombe wa dada wakamwolea kaka.

Wasichana waliofika la nne pale vumbini tulikuwa wawili, mimi na Robi. Shule ya bati mwaka ule haikuwa na hata mmoja. Usidhani kwa kuwa Robi alikuwa binti wa mwalimu mambo yake yalikuwa mepesi. Mwalimu alikuwa na mshahara mdogo na baiskeli. Boma na ng'ombe vilikuwa mkononi mwa kaka yake mkubwa, na huyo kaka alikuwa amekwisha kusema maneno yale yale ya baba yangu, tena mbele ya wazee. Kwa hiyo nafasi ile ilikuwa ya mmoja wetu, na mwingine angeolewa kwa ng'ombe. Tulilijua hilo wote wawili na hatukulizungumza. Tulisukana nywele, tukaibiana karanga, tukafanya hesabu pamoja.

Mtihani ulifanyikia shule ya bati kwa siku mbili. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuandika. Tulitoka tukifurahi, maana hesabu zilikuwa zile zile za mtama. Siku ya pili mkaguzi angemwita kila mmoja peke yake aulizwe kwa mdomo.

Jioni ya siku ya kwanza Marwa alinikuta mtoni.

"Kesho atakuuliza ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Wa nyumbani. Ni Mzungu mpole, anataka usiogope, basi anaanza na ng'ombe. Mwaka jana wenzetu walinyamaza, akaandika hawajui kuhesabu. Sasa mwalimu mkuu ametuzoeza mwezi mzima. Sema ishirini."

"Baba hana ishirini."

"Ndiyo maana. Ishirini siyo yetu, haiwezi kuwadhuru. Sisi wote tunasema ishirini. Anayenyamaza anakula fimbo."

Nilijitwisha mtungi. Marwa akanisaidia kuuweka sawa kichwani, halafu akasema bila kuniangalia, "Na huyo mwenzako usimwambie. Nafasi ni moja."

Asubuhi tulitembea pamoja, mimi na Robi, mwendo wa zaidi ya saa moja. Neno ishirini lilikuwa mdomoni mwangu njia nzima. Kwenye kila kona nilijiambia nitalisema kwenye kona inayofuata. Robi naye alikuwa kimya, jambo lisilo la kawaida yake, nikadhani ni woga. Alikuwa na kiazi kitamu kimoja alichofungiwa na mama yake. Alikivunja, akanipa kipande kikubwa. Nilikila. Sikusema.

Robi aliitwa kwanza. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa kwenye benchi la barazani, nikasikia yote. Mkaguzi alimuuliza jina, akamuuliza anatoka kijiji gani, kwa Kiswahili kizuri na sauti ya upole kabisa.

"Haya Robi. Nyumbani kwenu kuna ng'ombe wangapi?"

Kimya.

"Usiogope. Wangapi? Wachache? Kumi?" Akainua vidole, amsaidie. "Zaidi ya kumi?"

Kimya. Aliuliza mara nyingi, namsifu kwa uvumilivu wake, na mara zote Robi alisimama na kutazama vidole vile bila kusema kitu. Kisha nikasikia kalamu. Robi akatoka, akanipita, akanigusa bega.

Nilipoulizwa mimi nilisema, "Ishirini." Mkaguzi akatabasamu akaniuliza ishirini ukitoa saba, nikamjibu kabla hajafunga mdomo. Watoto wote wa shule ya bati waliokuja baada yangu walikuwa na ng'ombe ishirini. Sijui mkaguzi aliifikiriaje nchi yetu.

Majibu yalipokuja mwalimu mkuu aliyasoma mbele ya wazazi. Katika kuandika Robi alinizidi, tena kwa mbali. Lakini kando ya jina lake palikuwa na maneno ya mkaguzi: msichana huyu akiulizwa kwa mdomo hawezi kuhesabu, hivyo karatasi yake haiaminiki. Alionekana ameiga. Tena ameiga kwangu, mimi niliyeachwa mbali, maana alikaa karibu nami. Nafasi ikawa yangu.

Mwalimu alipanda baiskeli siku hiyo hiyo kwenda Tarime kwenye ofisi ya elimu. Alirudi kesho yake akiikokota, ingawa miguu yake ilikuwa mizima na magurudumu yalikuwa na upepo. Aliwaeleza kuhusu ng'ombe na idadi, wakamsikiliza, wakamwambia mila siyo jibu la mtihani. Kisha wakaanza kuuliza hiyo shule yake ina madawati mangapi. Kabla ya mavuno ng'ombe wa Robi walikuja, na yeye akavuka mto Mara kwenda kuolewa Machochwe, ambako watu wetu wengi walikuwa wanahamia. Sikwenda kumuaga. Nilimwambia mama nina homa.

Siku yangu ya kwenda bweni, mwalimu alikuja kwetu asubuhi. Alilichukua sanduku langu la bati, akalifunga kwa kamba juu ya baiskeli yake, ile ile isiyoguswa, akaisukuma mpaka barabarani nilipopanda lori. Kamba ilikwaruza rangi ya baiskeli, nikaiona, naye akaiona, hakukitoa mfukoni kile kitambaa chake. "Ukawaulize maswali huko," akaniambia. Nilishindwa kumtazama. Nilikaa nyuma ya lori nikaangalia miguu ya watu mpaka tukapita Tarime.

Miaka sita nilikaa nje, minne ya bweni na miwili ya chuo cha ualimu. Chuoni mkufunzi alitundika picha ukutani akatufundisha kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake, kwa mchezo, kwa kile anachokitaka mwenyewe. Tuliyanakili daftarini. Wenzangu waliona mapya. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikanakili kama wengine. Nilipomaliza nilipangwa kufundisha la kwanza, shule ya bati.

Kabla shule hazijafunguliwa nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimeamua kumwambia habari ya ishirini. Nilijua shule ya vumbi ilifungwa. Ile safari ya ofisini iliwaamsha waliolala. Nilisikia sauti yake kabla sijamwona, ikitoka ndani ya lile boma la mawe, na ilikuwa sauti nisiyoijua.

"Nyumbani kwenu kuna ng'ombe wangapi?"

"Ishirini," ikajibu sauti ndogo.

"Sauti!"

"Ishirini!"

Alikuwa amekaa kwenye gogo lake, amezeeka kuliko miaka niliyokuwa nimeondoka. Mbele yake alisimama msichana wa kama miaka mitano, mikono imebanwa mapajani, kidevu juu. Kijiti kilikuwa mkononi mwa mwalimu, ule wa kushoto, na kila mtoto alipochelewa kijiti kiligusa mguu wake. Hakikumuumiza. Lakini kilimgusa, na mtoto alijua kwamba kinaweza kumuumiza.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Bhoke. Karibu." Hakukiweka chini. "Huyu ni wa Robi. Robi alimleta mwenyewe."

Nilikaa juu ya jiwe. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, nikayasahau yote. "Mwalimu, ile siku ya mkaguzi, mimi nilijua. Marwa aliniambia swali. Nilitembea na Robi njia nzima na sikumwambia. Nilikula kiazi chake na sikumwambia."

Alingoja namna ile yake, ila safari hii sikujua anangoja nini. Mtoto alisimama vile vile.

"Robi alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Swali. Mimi nilimwambia. Niliambiwa na mtu wa ofisini wiki moja kabla, nikamwambia binti yangu. Wewe sikukuambia." Akanitazama usoni. "Nawe ulikuwa mtoto wa darasa langu kama yeye. Kwa hiyo usije kunililia mimi, Bhoke. Tulikuficha, ukatuficha."

"Kama alijua, kwa nini alinyamaza?"

"Nilimwambia: ukijibu, utakwenda. Ukinyamaza, baba yako mkubwa ana haki yake. Kisha nikamwachia achague, si ndiyo kazi yangu? Sikuongeza neno. Alipotoka mle ndani nilimuuliza. Akaniambia, 'Bhoke hajui. Tukinyamaza wote wawili, tutakuwa sawa, wataangalia karatasi.'"

Nililia. Sitaeleza zaidi ya hapo. Miaka yote nilijiona mwizi aliyemwibia mtu asiyejua, kumbe niliyemwibia alikuwa ameweka mlango wazi kwa ajili yangu. Nilimchukia mwalimu wakati ule, kwa dakika chache, kwa moyo wote. Mtoto wa miaka kumi na mitatu unamwekea maisha yake mezani unamwambia chagua, unakaa kwenye gogo. Na hapo hapo nilijua kwamba kama asingekuwa mwalimu wa namna ile, Robi asingekuwa mtoto wa namna ile. Hayo mawili sijaweza kuyatenganisha.

"Robi anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi. Anafuga, analima, ana watoto watatu." Tulishtuka wote wawili, yeye kwa kuitoa idadi hiyo mdomoni mwake, mimi kwa kuisikia. Hakuna mtu wa kwetu anayetaja watoto kwa idadi. "Alipomleta huyu alisema neno moja tu. Alisema, 'Tata, huyu usimwachie achague.'"

Upepo ulipitisha vumbi kati yetu. Pembeni ya ukuta baiskeli ilikuwa imelala chini, haina tairi la mbele. Mtoto alikuwa amechoka kusimama, na kwa kidole gumba cha mguu alianza kuchora vumbini, taratibu, ili babu yake asione. Nilitambua pembe. Nilitambua nundu. Alikuwa anachora ng'ombe.

Mwalimu aliona. Nilimwona akiona, na nilimwona akiinua kijiti, na mkono ukabaki hewani.

"Atakuja kwako shule zikifunguliwa," akaniambia. "Wewe umesomea. Una cheti. Nionyeshe basi. Huyu tumwachie, au tumzoeze?"

Nilikuwa na daftari zima la majibu nyumbani. Yeye hakungoja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alininyoshea kijiti, nami kwa kuwa sikuzoea kukataa kitu alichonipa, nikakipokea.

Mtoto alikitazama kikitoka mkono ule kuja mkono huu. Akamfuta ng'ombe wake kwa wayo, akabana mikono mapajani, akainua kidevu.

"Ishirini," akaniambia, na mimi nilikuwa bado sijamuuliza kitu.